Bilauri, Kimia na Kitovu: Maneno ya Tanuri la Murano

Kisiwani Murano, ng'ambo kidogo ya Venice, kuna Makumbusho ya Kioo yaliyoanzishwa mwaka 1861. Miongoni mwa vyombo vyake mashuhuri ni kikombe cha buluu iliyokolea kiitwacho Coppa Barovier, kazi ya nusu ya pili ya karne ya 15, ambacho kwa kawaida huhesabiwa kuwa kikombe cha harusi. Kimesimama juu ya mguu uliopanuka chini. Tumboni kina sura ya mwanamume na sura ya mwanamke, kila moja ndani ya duara lake, na katikati wamechorwa wanawake wanaooga chemchemini. Picha hizo zilichorwa kwa unga wa kioo cha rangi, kisha kikombe kikarudishwa motoni taratibu hadi unga ukayeyuka na kushikamana nacho.

Mpe mwandishi hodari wa Kiswahili akieleze chombo hicho. Umbo lake atalieleza, na rangi zake pia. Akiingia tanurini ndipo atakapoanza kusitasita. Bomba lililopulizwa liitweje? Na kile chuma kilichoshika kikombe kwa chini wakati mdomo ukitengenezwa? Na lile kovu lililobaki chini ya mguu chuma hicho kilipobanduliwa? Wengi wetu hapo hukimbilia kuazima neno la Kiingereza na kulivika irabu mwishoni, au kutunga maelezo marefu yenye "ki-" na "cha" nyingi kuliko pumzi ya msomaji.

Mimi naamini maneno tunayo. Yako kwa masonara, kwa wavuvi, kwa washonaji, kwa wajenzi na jikoni. Nalisema hili kwa sababu nimeyaangalia maneno ya mafundi wa Murano wenyewe, watu waliotengeneza vyombo vya kioo vilivyopendwa kuliko vyote Ulaya katika karne ya 15 na 16, na nimeona kwamba nao waliyatoa huko huko. Chama chao kilichopata kanuni zake mwaka 1271 kilikuwa cha fioleri, yaani watu wa vichupa. Hata walipofikia kuwauzia wafalme, waliendelea kuitwa kwa jina hilo la kazi ya kila siku. Mwaka 1291 serikali ya Venice iliamuru matanuri yahamishiwe Murano kwa kuhofia moto katika mji uliojaa nyumba za mbao, na tangu hapo msamiati wa ufundi huu ukakua ndani ya kisiwa kimoja kidogo, baba akimwachia mwana, fundi mkuu akimwachia mwanagenzi.

Nianze na neno ninalolipenda kuliko yote: bilauri. Siku hizi watu wengi husema glasi, na bilauri imebaki zaidi kwa wazee wa pwani na katika vitabu. Neno hili limetoka katika Kiarabu, ambako lilikuwa jina la jiwe, lile jiwe gumu lisilo na rangi linalopitisha nuru kama maji safi. Kabla ya bilauri kuwa chombo cha kunywea, ilikuwa jiwe lililochongwa kwa subira ya ajabu. Katika hazina ya Kanisa la Mtakatifu Marko mjini Venice limehifadhiwa birika la jiwe hilo lililochongwa Misri, nalo lina jina la Khalifa al-Aziz wa ukoo wa Fatimiya, aliyetawala kuanzia mwaka 975 hadi 996. Ukuta wake umepunguzwa ukawa mwembamba sana, na juu yake wamechongwa wanyama na majani. Watu wa Venice walikuwa na kazi ya namna hiyo mlangoni pao, na walijua thamani yake.

Nasi tumo katika habari hiyo. Mwanachuoni al-Biruni, aliyeandika juu ya vito katika karne ya 11, alitaja kwamba bilauri ililetwa Basra kutoka visiwa vya Zanj, yaani upande wetu wa bahari. Wachimbaji wa mambo ya kale wamepata vipande vya jiwe hilo huko Dembeni, kisiwani Mayotte, na chanzo kikubwa cha jiwe lenyewe katika eneo hilo ni Madagaska. Jiwe lilisafiri kwa majahazi kwenda kaskazini, na jina likarudi pwani likiwa limebeba maana mpya ya chombo. Ni nadra kuona neno na bidhaa vikipishana njiani namna hii.

Katikati ya karne ya 15 fundi Angelo Barovier wa Murano, aliyefariki mwaka 1460, alipata kioo kisicho na rangi kilichong'aa kuliko vyote vilivyotangulia Ulaya. Wakakiita cristallo. Jina hilo asili yake ni Kigiriki, lilimaanisha barafu, kisha likawa jina la jiwe lile lile la bilauri, kwa kuwa watu wa kale walilidhani ni barafu iliyoganda isiyoweza kuyeyuka tena. Hivyo Mwarabu, Mswahili na fundi wa Murano wote wamekiita kioo safi kwa jina la jiwe kinachofanana nalo. Kwa hiyo napendekeza kioo libaki jina la mata yenyewe kwa ujumla, na cristallo ya Murano iitwe kioo bilauri. Neno halihitaji kutungwa. Linahitaji kurudishwa kazini.

Kioo hicho kilipikwaje? Mchanga peke yake huhitaji joto la zaidi ya nyuzi 1,700 za Selsiasi ili uyeyuke, na matanuri ya kuni ya wakati ule hayakufika huko. Lazima pawe na kitu cha kuulainisha. Warumi walitumia magadi ya Misri, kutoka bonde la Wadi Natrun. Wavenisi walitumia majivu ya mimea inayoota penye chumvi, yaliyoletwa kwa meli kutoka Shamu na Misri. Nguvu ya majivu hayo ni ile ile ya magadi tunayotia katika maharage na kisamvu vilainike, au katika tumbaku. Ziwa Magadi nchini Kenya huchimbwa magadi ambayo viwanda vya kioo huyatumia hadi leo, na Ziwa Natron nchini Tanzania limebeba jina lile lile la kitu kilichowapa Warumi chupa zao. Mpishi wa Kiswahili tayari analo neno la msingi la kemia ya kioo. Ajabu ni kwamba vitabu vyetu vya shule huandika sodiamu kabonati kana kwamba ni kitu ambacho hakijawahi kuingia katika chungu cha nyumbani.

Siri ya bilauri ya Murano ilikuwa katika kuyasafisha majivu hayo. Yalichekechwa, yakachemshwa katika maji, maji yakachujwa na kukaushwa hadi ikabaki chumvi nyeupe. Chumvi hiyo ilichanganywa na unga wa kokoto nyeupe za kwatzi zilizookotwa mtoni, hasa Mto Ticino. Mchanganyiko ulitandazwa katika tanuri la kwanza, ukakorogwa kwa reki ndefu kwa saa nyingi bila kuachwa uyeyuke kabisa. Matokeo yake waliyaita fritta, yaani kilichokaangwa. Hapo Kiswahili kinaweza kusema mkaango, na kila aliyewahi kukaanga karanga mchangani ataelewa kwa nini mkono haupumziki. Kisha mkaango ulitiwa katika chungu cha udongo mgumu ndani ya tanuri kubwa ukayeyushwa. Kioo kilichoyeyuka kilichotwa na kumwagwa katika maji, kikayeyushwa tena, mara kadhaa, ili chumvi iliyozidi itoke. Mwisho iliongezwa manganizi kidogo. Mchanga una chembe za chuma zinazokipa kioo ukijani, na manganizi huufuta. Mafundi waliiita sabuni ya kioo, na sioni sababu ya sisi kuliita jambo hilo kwa jina lingine.

Usafi huo ulikuwa na gharama. Katika kuyachuja majivu mafundi waliondoa pia chokaa, nayo chokaa ndiyo hukipa kioo uimara wa kudumu dhidi ya unyevu. Ndiyo maana baadhi ya vyombo vya bilauri vya zama zile hutokwa jasho ndani ya kabati za makumbusho: unyevu wa hewa huvuta chumvi kutoka katika kioo, uso ukawa na matone yanayoteleza, kisha ukapasuka vijinyufa visivyohesabika. Wahifadhi husema chombo kinaumwa. Neno hilo limekaa vizuri kwetu, kwa maana chombo hicho kweli hutibiwa kwa kuwekewa hewa yenye unyevu uliopimwa, na hakiponi kabisa.

Twende sasa mbele ya mdomo wa tanuri. Bomba la kupulizia Waitalia huliita canna, yaani tete, mmea wa mtoni wenye shimo katikati. Kiswahili kina mwanzi, ambao kwa maana yake ya asili ni mmea wa jamii hiyo hiyo na ambao tangu zamani umetumika kuita kila kitu kirefu chenye tundu. Basi huo ni mwanzi, hata ukiwa wa chuma. Fundi huingiza ncha ya mwanzi katika chungu, akauzungusha, akachota donge. Kitenzi ni kuchota, kama asali. Donge huviringishwa juu ya bamba laini ili lijikusanye na kupoa kidogo kwa nje. Fundi hupuliza, puto la kioo likaanza. Kuanzia hapo mwanzi hauachi kuzunguka, kwa kuwa kioo laini huvutwa na uzito wake. Mkono ukisita, chombo kinaning'inia upande mmoja.

Puto likishafunguka vya kutosha, mdomo wa chombo bado umeungana na mwanzi, na mdomo ndio unaohitaji kutengenezwa. Kwa hiyo msaidizi huleta chuma kingine, cha mviringo lakini kisicho na tundu, chenye tone la kioo moto nchani, akakibandika katikati ya kitako cha chombo. Mwanzi hukatwa upande wa mdomo, chombo kikahamia upande wa pili. Waitalia hukiita chuma hicho pontello. Kwetu fimbo ya chuma isiyo na tundu kila fundi wa ujenzi huiita nondo, nami sioni la kuongeza. Chombo kikikamilika, nondo hugongwa kidogo, chombo kinabanduka na kupelekwa kupoa taratibu katika sehemu ya tanuri yenye joto dogo, maana kikiwekwa penye hewa baridi ghafla kitapasuka chenyewe. Chini ya kitako linabaki kovu la duara, kali kidogo kwa kidole. Kovu hilo ndilo kitovu. Nondo ilikishika chombo wakati hakijaweza kusimama peke yake, ikakatwa, na alama ikabaki kama anayobaki nayo mtoto. Wanunuzi wa vyombo vya kale hugeuza bilauri na kutafuta kitovu kabla ya kutazama kitu kingine chochote, kwa kuwa ndicho kinachoonyesha kwamba mkono wa mtu ulikishika chombo hicho.

Murano haikutaka kioo kisicho na rangi tu. Katika nusu ya pili ya karne ya 15 mafundi walianza kutengeneza kioo kinachojifanya vitu vingine, na hapo msamiati wao unanona.

Kwanza kuna lattimo, neno lililotokana na maziwa. Ni kioo cheupe kisichopitisha nuru, kilichopata weupe wake kwa kuongezewa bati na risasi zilizochomwa zikawa unga. Kilitengenezwa kwa kuhusudu vyombo vya Kichina vilivyokuwa vikifika Venice kwa uchache na kwa bei kubwa, na ambavyo Ulaya haikujua kuvitengeneza. Vyombo hivyo vya Kichina Waitalia waliviita porcellana, neno ambalo kabla ya hapo lilikuwa jina la simbi, yule konokono wa baharini mwenye gamba linalong'aa. Waliona ung'avu wa bakuli, wakakumbuka gamba. Msomaji wa Kiswahili ameshatangulia kufika ninapokwenda: sisi nasi tunasema kauri, na kauri ni simbi na ni bakuli la Kichina. Bahari mbili tofauti, jicho moja. Tena pwani yetu haikuhitaji kuiga, kwa maana kauri zenyewe zilifika. Waliokuwa na uwezo walizipanga katika zidaka za kuta za nyumba za mawe, na wengine wakazipachika katika makaburi ya nguzo, kama lile la Mambrui. Kwa hiyo lattimo naiita kioo maziwa, na nikitaka kueleza kusudi lake nasema ni kioo kilichotamani kuwa kauri.

Pili kuna calcedonio, kioo chenye mawimbi ya kahawia, kijani, zambarau na buluu yaliyochanganyika bila kuungana, kwa kuiga vito vyenye mistari. Kilipatikana kwa kutia fedha na madini mengine katika kioo na kukikoroga kwa wakati wake, na ukikitazama kinyume cha nuru hugeuka kuwa chekundu. Jina lake kwetu linajileta lenyewe: kioo akiki. Kila aliyeona pete ya fedha yenye jiwe la akiki sokoni Lamu au Zanzibar atajua kinachosemwa.

Kuna pia vioo vilivyopewa majina kwa sura ya nje. Vetro a ghiaccio ni kioo barafu. Puto likiwa moto sana huchovywa katika maji kwa nukta moja, uso wake ukajaa nyufa, kisha likarudishwa motoni ili nyufa zisipenye ndani, likapulizwa tena na nyufa zikapanuka. Kuna kile ambacho leo huitwa millefiori, maua elfu, ambacho hutengenezwa kwa kukatakata fito za kioo zenye ua ndani yake na kuviyeyusha vipande hivyo pamoja. Marcantonio Sabellico, mwanahistoria wa Venice, alistaajabia kazi ya namna hiyo mwishoni mwa karne ya 15, akisema maua ya malisho ya majira ya kuchipua yamefungwa ndani ya tufe dogo.

Hata hivyo, kilele cha ufundi huu, kwa jicho langu, ni kioo cha nyuzi. Mwaka 1527 ndugu wawili, Filippo na Bernardo Serena, waliiomba serikali ya Venice iwalindie haki ya namna mpya ya kazi yenye nyuzi zilizosokotwa. Kazi hiyo huanza kwa kutengeneza fito. Donge la kioo maziwa hufunikwa kwa kioo bilauri, likashikwa ncha mbili na watu wawili wanaotembea kinyumenyume, mmoja huku na mwingine kule, na kioo kinavutika kati yao hadi kuwa ufito mwembamba mrefu wenye uzi mweupe katikati. Wakitaka msokoto, huanza na donge lenye nyuzi kadhaa na huzungusha vyuma vyao wakati wa kuvuta. Fito hukatwa vipande vya urefu mmoja, vikapangwa bega kwa bega juu ya bamba, vikapashwa moto hadi vikashikana. Kisha fundi huja na mwanzi wenye mkanda wa kioo moto nchani, akaviringisha safu yote ya fito juu yake kama anayekunja mkeka, akafunga upande wa chini, akapuliza.

Fito zikibaki zimenyooka, kazi huitwa a fili, nasi tuseme kioo cha nyuzi. Zikiwa ndani yake zina misokoto, ni a retortoli, kioo cha msokoto. Na ipo ya tatu, reticello, yaani wavu mdogo. Hapa fundi hutengeneza puto moja la nyuzi na kulizungusha hadi nyuzi zote zikalala mshazari kwenda kulia. Hutengeneza la pili na kulizungusha kushoto. Halafu hulipuliza moja ndani ya lingine. Nyuzi hukatana na kufanya matundu ya pembe nne yanayopungua ukubwa kwa utaratibu kuelekea kitakoni, na kwa kuwa nyuzi zimeinuka kidogo juu ya uso wa puto, katika kila tundu hunaswa kiputo kimoja cha hewa. Chukua sahani nzuri ya namna hiyo uitazame karibu: matundu mamia, na katikati ya kila moja kitone cha hewa, bila kuruka hata kimoja. Hakuna aliyekitia kwa mkono. Kimeingia kwa sababu misokoto miwili ilikuwa sawasawa.

Wavu mdogo ni maana sahihi, lakini Kiswahili kina neno bora zaidi: kimia. Wavuvi wanalijua kama wavu wa kutupa kwa mkono, na washonaji wanalijua kama kitambaa chepesi cha matundu. Kioo cha kimia kinabeba maana zote mbili, na zote mbili zinafaa, maana Venice nayo ilikuwa mji wa wavuvi na mji wa wanawake waliosuka lesi. Nimejaribu maneno mengine na yote yamekuwa mazito. Kimia limetosha mara moja.

Upo pia ufundi wa kupamba chombo kilichokwisha kupoa. Mwaka 1549 fundi Vincenzo d'Angelo alipata hati ya kumlinda kwa ufundi wake wa kuchora juu ya kioo kwa ncha ya almasi. Mistari hiyo ni myembamba na ya kijivu, haionekani vizuri ila nuru ikiipiga kwa upande. Kwa hilo tuna kutia nakshi, kitenzi kilichozoea mbao za milango na fedha za masonara. Dhahabu ilibandikwa mapema zaidi, puto likiwa bado dogo na moto. Karatasi nyembamba ya dhahabu ililazwa juu yake, na puto lilipopulizwa likapanuka, dhahabu isiyoweza kunyumbuka ikakatika vipande vidogo vidogo na kutawanyika kama vumbi. Huko ni kurashia dhahabu, kwa maana dhahabu ni kweli imerashiwa na pumzi ya fundi.

Na maumbo yenyewe? Chombo kinachoonekana mara nyingi katika picha za zama zile ni tazza, bakuli pana lisilo na kina lililosimama juu ya mguu. Neno hilo la Kiitalia limetoka katika Kiarabu, na ndugu yake yuko kwetu: tasa, bakuli la shaba. Ingetosha kusema tasa ya kioo yenye mguu. Lipo pia birika la umbo la meli, lenye mlingoti na kamba za kioo, ambalo mwanamke aitwaye Ermonia Vivarini, binti wa mchoraji Alvise Vivarini, alipewa hati ya kulitengeneza mwaka 1521. Waitalia waliliita navicella, mashua ndogo. Watu wa bahari hatuna haja ya kufundishwa majina ya sehemu zake, kuanzia omo hadi tezi.

Serikali ya Venice ilijitahidi ufundi huu usitoke. Fundi aliyehama bila ruhusa alihesabiwa mkosaji. Lakini mafundi walihama, na mji wa Altare, karibu na Genoa, ulikuwa na chama chake cha mafundi wa kioo ambao kwao kusafiri kufanya kazi ugenini kulikuwa ni desturi. Antwerp ikapata matanuri yake. Mwaka 1575 Malkia Elizabeth wa Kwanza alimpa Jacopo Verzelini hati ya kutengeneza mjini London vyombo vya namna ya Murano kwa miaka 21. Mwaka 1612 kasisi Antonio Neri alichapisha mjini Florence kitabu cha L'Arte Vetraria, akaweka wazi mapishi ya bilauri, ya akiki na ya maziwa. Kitabu hicho kilitafsiriwa kwa Kiingereza na Christopher Merrett mwaka 1662, na kwa tafsiri hiyo na nyingine zilizofuata maneno ya jikoni ya Murano yakawa istilahi za sayansi ya Ulaya nzima. Fritta, ule mkaango, sasa ni neno la maabara. Hakuna aliyelionea haya.

Sisi pia tuliwahi kukipa kioo cha Venice majina yetu, wala hatukusubiri kamusi. Katika karne ya 19 shanga za Venice zilifika Zanzibar kwa meli na kwenda bara kwa misafara. Zilikuwa fedha ya njiani, na msafara uliobeba shanga zisizopendwa katika nchi fulani ungeweza kulala njaa. Richard Burton, katika kitabu chake cha mwaka 1860, aliorodhesha aina nyingi kwa majina ya wafanyabiashara wa pwani. Nyekundu zilizotiwa rangi juu ya kiini cheupe ziliitwa samesame, na zilikuwa na majina ya utani yenye maana ya kumaliza chakula na kuvunja miji, kwa jinsi watu walivyozitamani. Huo ni msamiati wa bidhaa uliotungwa na watu waliozishika mkononi, wakajua uzito wake, bei yake na mvuto wake. Hakuna kamati ingeweza kutunga jina lenye nguvu kama hilo.

Sisemi haya kwa kudharau kazi ya kusanifu lugha. Baraza la Kiswahili la Taifa, tangu lilipoundwa mwaka 1967, limetupa istilahi nyingi ambazo bila hizo tusingefundisha wala kutunga sheria. Ninachoomba ni mpangilio wa kutafuta. Kabla ya kuazima neno, tumuulize anayefanya kazi iliyo jirani: sonara kuhusu moto na dhahabu, mfinyanzi kuhusu tanuri, mvuvi kuhusu nyavu, mpishi kuhusu magadi. Tukikosa kote huko, hapo tuazime kwa moyo mweupe, kama tulivyoazima bilauri, tasa na akiki, maneno ambayo leo ni yetu.

Jambo hili si la makumbusho ya Ulaya peke yake. Kitengela, nje ya Nairobi, na Arusha pia, zipo karakana zinazoyeyusha vioo na chupa zilizotumika na kupuliza vyombo vipya. Humo wamo vijana wanaojifunza ufundi huu kwa vitendo, na kioo kilichotoka tanurini hakiwapi muda wa sentensi ndefu. Kikipoa kidogo tu, kimegoma. Fundi anahitaji kumwambia msaidizi wake: chota, zungusha, lete nondo, kata, angalia kitovu. Istilahi isiyoweza kutamkwa kwa pumzi moja mbele ya moto haitafika mbali hata ikichapishwa kwa herufi za dhahabu. Ndiyo maana orodha hii ya mwanzi, nondo, kitovu, mkaango, ufito, msokoto, kioo maziwa, kioo akiki, kioo barafu na kioo cha kimia naipeleka kwanza kwa mafundi hao waijaribu, waikatae panapostahili na waibadilishe watakavyo. Yatakayobaki midomoni mwao baada ya hapo, wanakamusi wayapokee.